Firigisi ya Baba

Leo viazi vimeanza kuungua chini ya mfuniko wenye makaa, na ile harufu tamu ya moshi imenirudisha kijijini Kigwa, jikoni kwa mama.

Baba alikuwa mgonjwa kitandani, siku ya tano hajala. Uji alikataa, mchuzi alikataa. Mama akamkamata bata mzinga wetu wa mwisho, akamchinja mwenyewe bila kungoja mwanaume. Nyama akaikatakata mpaka ikawa laini ya kumeza bila kutafuna, akaikaanga kwa vitunguu, akaifunika kwa viazi vilivyopondwa, akapalia makaa juu na chini. Alipopakua, akaweka firigisi nzima juu ya sahani. Hiyo ilikuwa ya baba siku zote. Sisi wasichana tulikuwa hatujawahi hata kuilamba.

"Mpelekee. Mwambie ale hata kidogo. Mwambie namwomba."

Baba aliitikia shikamoo yangu kwa kope tu. Nikamfikishia maneno ya mama. Akaitazama sahani, kisha akaichukua firigisi, akaniwekea kiganjani.

"Kula wewe, mwanangu."

Niliila harakaharaka, nikiogopa asije akabadili mawazo. Kisha nikakimbilia jikoni huku nikiruka.

"Mama! Baba amenipa firigisi!"

Mama alikuwa anakwangua sufuria. Mwiko ukamponyoka.

"Amekupa?"

"Nimeila yote!"

Akaketi palepale kwenye majivu, akaniambia nifunge mlango, baba asimsikie akilia.