Simu Kabla ya Saa Moja na Nusu

Asubuhi ile Mgeni hakujaribu kusimama kwanza, alijaribu sauti. Alikaa kitandani, akaziba mdomo kwa shuka ili asimwamshe shangazi yake chumba cha pili, akasema polepole, "Shikamoo, naomba ruhusa." Kilichotoka ni mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Akameza mate, na mate yenyewe yakapita kooni kama mchanga.

Jina la Mgeni hakupewa na wazazi wake. Kwenye karakana ya kushona sare, alikoanza kazi siku nane tu zilizopita, kila aliye mpya huitwa hivyo mpaka amalize miezi mitatu ya majaribio. Akimaliza hurudishiwa jina lake. Asipomaliza, jina la Mgeni humngoja atakayefuata.

Aliyemtangulia hakumaliza. Aproni aliyoiacha ndiyo aliyopewa huyu, na mfukoni alikuta pini mbili na karatasi ya peremende. Habari zake alisimuliwa siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Mgeni yule alipiga simu mara mbili katika mwezi mmoja kusema anaumwa. Mara ya pili Mama Rula, msimamizi wao, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole, "Pona taratibu, mwanangu. Usiharakishe." Hakuitwa tena kazini; aproni yake ilibaki kwenye ndoano bila mwenyewe. Tangu hapo, mtu akipiga chafya karakanani, jirani yake wa cherehani humwambia, "Pona taratibu," na kina mama wote hucheka. Mgeni naye hucheka, huku akiitupia jicho ndoano ya aproni yake.

Sheria ya pale ilikuwa moja na fupi. Anayeumwa apige simu kabla ya saa moja na nusu, tena apige mwenyewe. Ujumbe wa kuandika haupokelewi. "Vidole haviumwi homa," alisema Mama Rula. "Mimi nataka kusikia koo la mtu." Sheria hiyo ilimtisha Mgeni kuliko mashine ya kukatia vitambaa. Tangu utotoni aliona heri aandike kurasa kumi kuliko kusema sentensi mbili kwenye simu.

Mlango ulisukumwa. Shangazi aliingia na kikombe cha maji ya chumvi, maana kumbe alikuwa macho muda mrefu.

"Sukutua," alisema. "Nimekusikia ukikoroma kama jenereta."

"Sikuwa nakoroma, Shangazi. Nilikuwa naongea."

"Basi ni mbaya zaidi." Alimgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka. "Mafindofindo hayo. Leo huendi popote."

"Nitaenda. Nikikaa karibu na dirisha hakuna atakayejua."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lete simu niongee naye mimi."

"Hapokei shangazi za watu. Anataka mimi mwenyewe."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini. Mgeni alichukua daftari, akaanza kuandika atakachosema. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Shangazi alisogea akasoma juu ya bega lake.

"'Kwa heshima na taadhima.' Unaumwa au unapeleka posa?"

"Nikisema kavu ataona nina kiburi."

"Na ukisema hivyo ataona una homa ya ubongo. Mwambie, 'Mama, naumwa koo, leo sitaweza.' Basi."

Mgeni akaandika hivyo. Kisha, kwa kuwa hakutaka Mama Rula adhani amekimbia kazi, akaongeza kwamba jana alimaliza kila alichopewa: alibandika namba kwenye mikono yote ya makoti ya wauguzi, na mafungu yapo tayari mezani. Alipofika kwenye neno "mezani" kalamu ilisimama.

Akilini aliiona ile karatasi ya kaki.

Kazi yake yeye ilikuwa namba. Fundi Mkasi, mkataji, hutandaza kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, arobaini kwa pamoja, na chini kabisa huweka karatasi ya kaki ili mashine iteleze vizuri. Akishakata, Mgeni hubandika kinamba kwenye kila kipande, moja ikiwa tabaka la juu, arobaini ikiwa la chini. Hivyo mgongo wa saba, kifua cha saba na mikono ya saba vyote hutoka tabaka moja, na koti huwa na rangi moja. Ni muhimu, kwa sababu matabaka haya arobaini yalitoka kwenye majora mawili ya kitambaa, ishirini kwa ishirini, na bluu ya jora la pili ilikuwa imekolea kidogo. Ndani, chini ya taa, huwezi kuona tofauti. Nje juani hata mtoto angeiona.

Na jana jioni, kichwa kikimgonga, alibeba rundo la mikono hadi meza ya dirishani, akalitua, akabandua kipande cha kaki kilichong'ang'ania juu yake, akakitupa. Kisha akabandika namba moja.

Kaki haikai juu. Kaki hukaa chini. Alikuwa amelipindua rundo.

"Mbona umebadilika?" aliuliza Shangazi.

Mgeni alimweleza, lakini maneno ya kaki na jora hayakumwingia Shangazi. Mwishowe aliinama, akachukua kandambili zake, pea kuukuu na pea mpya, akaweka kushoto kuukuu na kulia mpya mbele ya miguu ya shangazi yake. "Makoti arobaini," alisema kwa ile sauti ya kiti. "Yote hivi."

Shangazi alizitazama kandambili. "Si wana macho? Wataona wenyewe."

"Wataona hospitali, makoti yakishavaliwa."

"Basi leo sema ugonjwa tu. Ugonjwa na kosa kwa simu moja, mwanangu, ni kumpa mtu kisu na mpini."

Hapo ndipo penye mwiba. Akisema ugonjwa tu na kosa ligundulike mchana, ataonekana aliugua kwa makusudi. Akisema yote mawili, Mgeni wa siku ya tisa atakuwa amekosa kazini na hayupo kulirekebisha kosa. Kila njia aliyoipita kichwani iliishia kwenye sauti ile ya upole: pona taratibu.

Saa moja na dakika kumi na nane. Kina mama wa cherehani, kwa haraka ya mzigo wa kesho, walikuwa wameambiwa waanze kuunganisha mikono saa moja.

"Mficha maradhi," alisema Mgeni, akachukua simu.

Iliita mara nne.

"Nani?" Nyuma ya sauti ya Mama Rula cherehani zilikuwa zikinguruma.

"Shikamoo, Mama."

"Nani huyo? Mbona unaongea kutoka kisimani?"

"Mgeni, Mama. Naumwa koo. Leo sitaweza."

Cherehani moja ilisimama, nyingine ikaendelea.

"Siku ya tisa," alisema Mama Rula, kama anayejisomea kalenda.

Mgeni alitazama daftari. Maneno yaliyobaki humo hayakuwa ya kweli tena. "Na mikono, Mama. Mikono ya makoti. Namba nimezianzia chini. Nililigeuza rundo. Kaki ilikuwa juu."

"Rudia."

Akarudia, na safari hii sauti ilikatika katikati, ikabidi amalizie kwa kunong'ona. Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, kisha Mama Rula akiita, "Simamisheni meza ya mikono. Mkasi, chukua mkono mmoja na mgongo wake, twende nje."

Viatu vilienda mbali. Cherehani zikanyamaza moja moja. Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika kisigino juu ya shuka, akakiachia, akakishika tena. Mgeni aliutazama mshale mwembamba wa saa ya ukutani ukizunguka mara moja, mara mbili. Mtu karibu na simu alikohoa, na mwingine akasema kwa chini, "Pona taratibu." Hakuna aliyecheka.

Viatu vilirudi. Sauti ya Fundi Mkasi ilisikika kwanza: "Vimepishana kweli. Usiku na mchana."

"Yameshashonwa mangapi?" Hiyo ilikuwa ya Mama Rula.

"Sita."

Simu ilinyanyuliwa.

"Mgeni."

"Abee, Mama."

"Hayo thelathini na manne Mkasi anageuza namba sasa hivi. Sita yameshaunganishwa mikono. Kufumua ni kazi ya aliyekosea, si ya aliyeshona. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nayaning'iniza kwenye ndoano yako. Na hilo koo usiniletee kwenye vitambaa vya wauguzi likiwa hivyo." Mgeni akafumba macho akisubiri. "Pona upesi," alisema Mama Rula, akakata.

Shangazi alikuwa amemkodolea macho. "Amesemaje? Amekufukuza?"

"Kuna makoti sita ya kufumua."

"Hilo nalo ni jibu?"

"Amesema upesi, Shangazi."

Shangazi hakuelewa, ila aliona mabega ya mpwa wake yameshuka, akaridhika na hayo. Alivaa kandambili zilizokuwa karibu, moja kuukuu na moja mpya, akaenda kuchemsha maji.

Mgeni alilala chali, akavuta shuka hadi kidevuni. Usingizi ulikuwa umeshamshika miguu alipofumbua macho ghafla. Kola. Kola za makoti yale yale alizipa namba juzi. Alilala hivyo, akipanga juzi yote upya mezani, kola moja baada ya nyingine, mpaka akajiona akifika mwisho, arobaini, na chini yake kipande cha kaki, mahali pake kabisa.

Akageukia ukutani.