Furaha Iliyochukuliwa na Malale

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa kungoja. Jina langu ni Zamzam. Nilizaliwa Koboko mjini, katika ukoo wa Wanubi. Babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudani, akabaki. Mume wangu, Rajabu, alikuwa dereva wa lori. Tulikuwa na mtoto mmoja, Saida, na tuliishi na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi. Shamba letu la mihogo na maharage lilikuwa Lurujo, karibu na kijito. Tulikula, tulivaa, lakini moyo wangu haukuwa pale. Mwaka 1972 Rajabu alipata duka Kampala, moja ya yale yaliyoachwa na Wahindi waliofukuzwa, nami nikajiambia: siku atakaponiita, ndipo nitaanza kufurahi. Nikipalilia, nilikuwa Kampala. Nikimwogesha mtoto, nilikuwa Kampala.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulianza, polepole. Kichwa kiliuma. Homa ilikuja na kuondoka. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikuna nikatoka damu. Nyuma ya shingo vikaota vinundu, laini kama maharage yaliyolowekwa. Nilimeza vidonge vya malaria, homa ikapungua, ikarudi. Hedhi ikakatika. Haboba akafurahi, akadhani nina mimba.

Kisha usingizi ukaja. Mchana nililala tonge likiwa mdomoni. Usiku macho yalikuwa makavu. Lakini si usingizi unaonitisha ninapokumbuka leo. Ni kwamba hakuna kitu kilichonigusa. Saida akilia, nilimsikia kama unavyomsikia mbuzi wa jirani. Barua ya Rajabu ikaja, nikasomewa: "Nyumba iko tayari, kuja na mtoto." Ndiyo habari niliyoingoja mwaka mzima. Nikageukia ukutani nikalala.

Siku moja uji uliungua, na Saida alikuwa amekaa karibu kabisa na moto, mimi nimesinzia. Haboba akanitikisa. "Wewe mama ya namna gani? Mutoto iko karibu naungua!" Nikashika mwiko nikampiga usoni. Ngozi juu ya jicho ikapasuka. Nilimtazama akifuta damu na sikuona aibu, sikuona huruma, sikuona chochote. Majirani wakanifunga mikono kwa kamba.

Walisema nina jini. Sheikh akaitwa, akanisomea. Halafu akanigusa shingo, akavipapasa vile vinundu. "Mama," akamwambia Haboba, "mimi nitaomba kila siku. Lakini hii hapana jini. Peleka yeye dispensari."

Pale dispensari msaidizi wa daktari alikichoma kinundu kimoja, akatia maji yake kwenye kipande cha kioo, akainamia darubini. Akamwita Haboba aone. "Angalia, iko natembea. Hii malale. Mbung'o analeta, kule mtoni."

Haboba akaangalia kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa akasema, "Kumbe hapana yeye alinipiga."

Tukapanda lori hadi hospitali Arua. Walinilaza ubavu, magoti kifuani, wakanichoma sindano mgongoni kutoa maji ya uti. Daktari akarudi na majibu. "Vidudu vimefika kichwani. Dawa ipo, lakini ni kali. Wengi inawaponya, wengine inawaua. Bila dawa atakufa tu. Mnasemaje?"

Rajabu alikuwa Kampala. Haboba, jicho bado limevimba, akajibu: "Huyu mutoto yangu. Chomeni."

Dawa ile ilitiwa kwenye mshipa kwa bomba la kioo. Iliingia kama moto, ikapanda mkono mpaka begani. Mdomoni nilionja chuma. Nilitapika, nikajinyea, Haboba akanisafisha. Tuliambiwa: sindano za siku tatu, kisha mapumziko, kisha tatu nyingine, kisha tatu tena.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke mkulima wa Ayivu, Mlugbara, jina lake Candiru. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha barabarani. "Kwetu Candiru ni mutu ya shida," aliniambia. "Mama alinizaa wakati ya njaa. Lakini jina hapana amri." Kila asubuhi dada yake, Letiru, alimletea uji kwa baiskeli, na kila asubuhi Candiru aliuliza kabla hajakaa: "Nyumbani iko nini?" Letiru alimwambia kuku mwekundu ametotoa, maharage yametoa maua, mtoto wa fulani ameanguka kwenye tope la kanisani. Candiru akacheka mpaka akashika mgongo wake unaouma. Nilimwona mpumbavu. Mtu anasubiri sindano ya kifo, anachekea kuku!

Baada ya sindano ya nne Candiru alianza kutetemeka. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likatoka. Wauguzi walikimbia huku na huku. Hakuamka tena. Siku ya pili akafariki.

Hapo nilipata hofu, na hofu ilikuwa hisia yangu ya kwanza baada ya miezi mingi. Kesho yake nikafunga kitambaa changu kichwani, nikaanza kukunja mkeka wa Haboba. Nilitaka kurudi Koboko kwa miguu. Haboba alikuwa amekwenda kufua. Aliyenikuta ni Letiru, amerudi baada ya mazishi kuchukua sufuria ya dada yake.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Dawa naua mutu."

Akakaa kwenye kitanda kitupu. "Dada yangu alijua. Daktari aliambia yeye mbele yangu. Akasema, mimi nataka kurudi kwa watoto yangu na akili yangu. Kama iko njia moja tu, nitapita hiyo." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wewe umebaki. Pita."

Nikakunjua mkeka.

Asubuhi iliyofuata sindano ya sita niliamka na kugundua nimelala usiku kucha. Haboba alikuwa akimimina chai. Nikamwuliza, "Saida anakula vizuri?" Akaweka birika chini, akalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Nilikuwa sijamwuliza mtu swali lolote tangu mvua iliyopita. Hapo ndipo nilipomwelewa Candiru. Hakucheka kwa sababu hakuwa na shida. Alicheka kwa sababu alitaka kujua habari za watu wake, na habari zilimfikia. Mimi nilikuwa na watu wangu wakati wote, hata nilipokuwa mzima wa mwili, na sikuwahi kuuliza.

Nilipona, lakini Saida alinikimbia. Alijificha nyuma ya Haboba, alikula mbali nami. Sikumlazimisha. Nilimsogezea chakula, nikamwimbia nikiwa nimempa mgongo. Ilichukua miezi. Adhuhuri moja nikichambua maharage mlangoni alikuja mwenyewe, akaweka kichwa pajani pangu, akasinzia. Mguu wangu ukafa ganzi. Sikuusogeza. Sikuwa Kampala wala mahali pengine popote.

Rajabu alikuja kutuchukua. Nikamwambia naenda Arua kupimwa mgongo kila miezi sita, mpaka miaka miwili iishe. Alikasirika, akarudi peke yake, na hakuniita tena. Mwaka 1979, vita ilipokuja, alifika kwa miguu bila chochote, na sote pamoja tukavuka kwenda Sudani. Haboba alitutangulia, ameshika mkono wa Saida.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Haboba, aliyesema mimi ni mtoto wake. Namshukuru Letiru, na marehemu Candiru, Mungu amrehemu. Ninyi mliokuja kupimwa malale leo, msimwite mgonjwa mvivu, wala mchawi, wala mwenye jini. Akilala mchana, mguseni shingo. Akiwapiga, mpelekeni hospitali. Na kama kuna mtu nyumbani hamjamwuliza habari zake muda mrefu, mwulizeni leo, mkiwa bado wazima. Sindano inauma, sitawadanganya. Pangeni mstari. Anayeogopa aje akae hapa kando yangu, nitamshika mkono.