Mwanamke wa Upande Mmoja

Sikulazimishi kuniamini. Wako watu hapa Amu, Lamu kama muiitavyo nyinyi, wanaonijua tangu tukicheza pamoja, nao hawakuniamini, sembuse wewe unayenisoma ukiwa mbali. Lakini nakuapia kwa Mola aliyeniumba, mambo haya hayakumpata jirani wala shemeji ya jirani. Yamenipata mimi, mchana, sina homa wala sina usingizi.

Mchana, nasema. Watu wakitaka kukutisha hukusimulia ya usiku. Sisi tuliolelewa na bibi zetu kwenye vichochoro vya mji huu tunajua kuna saa nyingine ya kuogopwa: jua likiwa utosini, watu wameshasali adhuhuri, wamekula na kujilaza, milango imefungwa, hata punda wamejibanza ukutani wakitafuta kivuli. Saa hiyo tulipokuwa wadogo hatukuruhusiwa kutoka nje. Nilipokua nikayaita hayo mambo ya kizee, na duka langu nikawa silifungi mchana.

Nauza spea za mashine za boti: plagi, propela, oili, mipira ya petroli. Hiyo ndiyo riziki. Ugonjwa wangu ni mwingine. Nakusanya sarafu za kale, hasa za Warumi. Usicheke, wenzangu wanafuga njiwa na kuwapa majina, na hakuna anayewacheka. Nyingine nimeletewa na watu waliozichimbua wakijenga, nyingine nimebadilishana na wakusanyaji wa nchi za mbali ninaozungumza nao kwenye simu. Naziweka kwenye visanduku vya ndoana nilivyovitandika kitambaa laini.

Kinachonivuta si fedha iliyomo. Ni picha. Warumi hawakuwa na magazeti. Mfalme akitaka watu wajue ameshinda vita, alichora kwenye sarafu adui amepiga magoti. Ninayo yenye mbwa mwitu jike akiwanyonyesha watoto wawili wa binadamu. Ninayo ya mfalme mwenye miale ya jua kichwani, na nyingine ya mikono miwili imeshikana na chini yake hakuna mtu. Na kuna jambo utaliona ukizitazama nyingi: nyuso karibu zote zimechorwa ubavuni. Shavu moja, jicho moja, pua, kidevu. Upande wa pili haupo. Nilikuwa nikipenda kujiuliza, mtu huyu akigeuka atakuwaje? Sijiulizi tena.

Nina binti mmoja. Nitamwita Raya, ingawa si jina lake, na sababu ya kulificha utaijua. Mama yake alifariki Raya akiwa anatambaa, na tangu hapo tumebaki wawili, yeye na mimi. Raya ni mwalimu wa chuo, pale watoto wanapofundishwa Kurani, na Mungu alimpa sauti. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Akisoma kwenye hitima za wanawake, majirani huzima redio. Mimi mwenyewe, mtu wa hasira za karibu, nikimsikia asubuhi akisoma uani nilikuwa nasahau niliyekuwa nataka kugombana naye.

Yeye na sarafu zangu hawakupatana. "Baba, nyumba yenye sanamu malaika hawaingii," aliniambia kila siku. Nami nilimtania kwamba hata yeye mkoba wake umejaa simba na twiga wa serikali, maana sarafu zetu za siku hizi zina wanyama. Tunacheka, yanaisha.

Sasa basi. Siku moja fundi wa mashine kutoka Kiwayu alikuja dukani kutafuta plagi, akanitolea mfukoni sarafu ya fedha aliyoikuta akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake. Nilipoiona sikuuliza hata bei. Nikampa oili bure na plagi juu yake. Akanitazama akasema, "Bwana, wewe u mzima wa kitwa kweli?" Akaenda zake akicheka.

Ilikuwa ya mwanamke. Amejitanda ushungi, nywele zimetokeza kidogo juu ya paji, pua ndefu, kidevu amekiinua. Nyuma yake tausi ameutandaza mkia. Niliwapelekea picha wenzangu wa kwenye simu, mmoja akanieleza: huyo alikuwa mke wa mfalme, na sarafu ilipigwa baada ya yeye kufa. Mumewe aliamuru watu wamwabudu, na tausi ndiye aliyechukua roho yake kuipeleka juu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeshika sarafu ya maiti. Hilo halikunitisha wakati huo. Lilinifurahisha.

Ajabu ni kwamba Raya naye alimpenda. "Baba, huyu mbona mejitanda kama siswi?" Akawa anaichukua na kuitazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na nyingine yoyote. Nikadhani nimeshinda ule ubishi wetu.

Kumbe mwenzangu alikuwa na lake. Pale chuoni, mtoto akichora mtu, Raya humfundisha kumpigia mstari shingoni. Tulifundishwa hivyo hata sisi: ukishamkata shingo, ile si picha ya kiumbe mwenye roho tena, na dhambi imeondoka. Basi nilipokuwa dukani, Raya alichukua sindano ya bikari, ile ya kuchorea duara kwenye hisabati, akamkwaruza yule mwanamke mstari shingoni, kutoka koo hadi kisogo. Alifanya kwa mapenzi, naomba ulielewe hilo. Alitaka yule mwanamke abaki nyumbani kwetu na malaika pia waingie. Niliporudi alinionyesha, amefurahi. "Sasa hana roho. Aweza kukaa na siswi."

Nilifoka mpaka jirani akabisha mlango. Raya alilia. Tukalala bila kuombana radhi.

Wiki haikuisha. Alikuwa chuoni akiwasomesha watoto, yeye anatangulia, wao wanafuata. Katikati ya aya sauti ikakatika. Watoto walidhani anawachezea, wakacheka. Yeye alikuwa amefumbua mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, na hakitoki kitu, hata mkoromo. Nilimpeleka hospitali hapa, nikampeleka Mombasa. Daktari alimtia kimashine kooni akasema koo zima, halina jeraha. Akaandikiwa kombe, aya za Kurani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, akalinywa. Akasomewa. Hapana. Na chini ya kidevu chake ukaanza kujitokeza mstari mwembamba mwekundu, kutoka koo hadi kisogo.

Utaniuliza, kwa nini hukuitupa ile sarafu baharini? Ningeitupa vipi, na mimi naamini sauti ya mwanangu imo ndani yake?

Ndipo mwenyewe alipokuja dukani. Jua la utosi, njia tupu. Niliinua kichwa nikaona mwanamke amekaa kwenye benchi la wateja, ushungi umemwangukia mabegani, ameuelekea ukuta wa kulia. Nikasema, "Karibu, Bi." Nikadhani hakunisikia, nikazunguka meza nimkabili. Sasa nisikilize vizuri. Nilizunguka mpaka nikasimama pale alipokuwa anapatazama, na bado nikaliona shavu lilelile. Nikaenda upande wa pili. Shavu lilelile, jicho lilelile moja, pua ndefu, kidevu juu. Hakusogea hata kidogo, na popote niliposimama alikuwa ubavuni.

Nilimjua. Ungemjua hata wewe. Na shingoni alikuwa na mstari.

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Alinisubiri nimalize, kama mteja anavyosubiri chenji. Kisha akasema, kwa Kiamu cha bibi zetu, kwa sauti iliyotoka mahali pengine si mdomoni:

"Ni nani alonitinda?"

Kutinda kwetu ni kuchinja. Niliitoa sarafu mfukoni, maana siku zile nilikuwa natembea nayo, nikamnyooshea, nikamwambia chukua, ni yako, tuachie sauti yetu. Hakuitazama. Akauliza tena swali lile. Nami, Mungu anisamehe, nikatimka nikaacha duka wazi, nikakimbia mtaa mzima kama mwizi.

Nilienda moja kwa moja kwa mfua fedha, nikamwomba auzibe ule mkwaruzo. Ni mtu hodari; aliuziba na kuusugua hata nikipitisha ukucha siuhisi. Nikarudi nyumbani na matumaini. Asubuhi nilikifungua kile kisanduku, mkwaruzo umerudi, tena una kina zaidi. Na Raya alipoamka, ule mstari wa shingoni mwake ulikuwa unatoa damu.

Tangu siku hiyo nikawa nafunga duka mapema mchana, nisimwache Raya peke yake. Lakini Ijumaa moja hotuba ilirefuka, na kutoka msikitini nikashikwa na mtu mmoja wa Matondoni aliyetaka mashine ya mkopo. Nilimwacha anasema nikaondoka mbio. Nilipofungua mlango wa nyumba nilihisi kimya, na kimya hicho hakikuwa cha Raya.

Alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Pembeni ya kitanda amekaa yule mwanamke, ameinamisha kichwa kumwelekea, ubavuni vilevile. Nikasikia anauliza, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Ni nani alonitinda?"

Raya wangu hajawahi kusema uongo. Tangu mtoto, akivunja kikombe huja kuniambia kabla sijakiona. Nikaona anaanza kuuinua mkono. Hakuwa na sauti ya kujibu, kwa hiyo alikuwa anataka kujionyesha kwa kidole. Kidole kinaelekea kifuani mwake, mstari wa shingoni unafunguka, damu inateremka kwenye mto. Ningefanya nini? Wewe ungefanya nini?

Nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Mimi! Ni mimi niliyekutinda! Mimi!"

Mkono wa Raya ukaishia hewani. Na yule mwanamke, kwa mara ya kwanza, akageuka.

Nimekuahidi ukweli, nitakuambia nilichokiona. Upande wa pili hakukuwa na uso. Palikuwa na macho. Mengi, yametawanyika kutoka utosini hadi kidevuni kama yale ya mkia wa tausi, na yote yalikuwa wazi, na yote yalinitazama mimi. Nilianguka pale pale.

Nilichozinduka nacho ni sauti. "Baba! Baba!" Ilikuwa sauti ya mwanangu, nzima, ile ile. Amenipakata, analia, shingo yake safi kama hakuna kilichopita. Nilitaka kumwambia nyamaza, nipo. Nikafumbua mdomo.

Hakikutoka kitu. Hakijatoka mpaka leo. Ndiyo sababu nakuandikia, badala ya kukukalisha barazani nikusimulie. Neno la mwisho nililolitamka duniani ni "mimi."

Siku hizi wateja naandikiana nao kwenye simu. Wananitania kwamba sasa hakuna wa kubishana naye bei. Nacheka nao, ingawa inaniuma, hasa msikitini watu wanapoitikia amina kwa sauti na mimi nimefumbua mdomo tu. Lakini alfajiri Raya anasoma uani, nami namsikiliza, na sijuti hata kidogo. Alitaka kwenda kukiri kwa yule mwanamke kwamba ni yeye. Nimemwapisha kwa msahafu asimwambie mtu yeyote, awe hai au awe vingine. Sarafu tumeiacha ndani ya kisanduku. Hatukifungui.

Ningeishia hapo. Lakini yule fundi wa Kiwayu alikuja tena juzi, safari hii hacheki. Alisema alikuwa Mkokoni, jua kali, anasubiri boti, akasimamiwa na mwanamke mgeni ambaye kila akimtazama anamwona shavu moja. Alimuuliza ni nani aliyemtinda. Fundi akamjibu kwamba hajui, naye akaondoka kwenda kumuuliza mwingine.

Umeelewa? Hakunisadiki. Alichukua sauti yangu, na bado anaulizia. Ndiyo maana jina la mwanangu nimelibadilisha na chuo chake sikukitaja kilipo, kwa kuwa herufi hizi za Kirumi ninazoandikia ndizo zilezile zilizokizunguka kichwa cha yule mwanamke kwenye sarafu, na sijui anasoma nini.

Basi ukiokota uso wa kale, usiukate, hata kwa nia njema. Na ukitoka nje jua la utosi ukamkuta mwanamke amejitanda, amekuelekezea shavu, usimzunguke kutaka kumwona upande wa pili. Atakuuliza. Usimjibu kwamba hujui, maana ataendelea kutafuta, na siku moja atafika kwa mtu anayesema kweli. Mwambie ni yule mzee wa spea za boti kule Amu, yule bubu. Tafadhali, nakuomba kwa jina la Mungu, wewe ambaye bado una sauti. Mwambie ni mimi.