Siku Niliyokataa Kupiga Hema Ngomeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwagiwa maji. Nilikuwa nimeketi chini ya kipande cha turubai nilichokishona kwa mikono yangu, katika ua wa ghala la serikali mjini Kisii, na mkuu wa ghala, ambaye sote tulimwita Bwana Stoo, alikuwa amesimama juu ya kiti akiwa na ndoo iliyojaa.

“Kaa hapo hapo, Mama,” aliniambia. “Mshono ukiwa mzuri utarudi Nyakoe mkavu. Ukiwa mbaya, wewe ndiwe utakuwa wa kwanza kujua.”

Akaimimina yote. Matone matatu yaliniangukia shingoni. Nilitoka nikiona haya, nikamuuliza kama nimeshindwa.

“Umelowa kidogo kuliko wale wanaume wawili waliokutangulia,” alisema. “Njoo kesho saa moja asubuhi.”

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Mimi Bosibori nilikuwa nikishona sare za shule kwenye baraza ya duka moja pale Nyakoe, na kabla ya siku ile sikuwahi kugusa turubai. Bwana Stoo alikuwa askari wa zamani aliyelala kwenye mahema vita vyote huko ng’ambo, naye alinifundisha kazi hiyo kama anayemfundisha kuruta. Turubai halishonwi kama sketi. Kingo mbili hukunjwa zikaumana, kisha uzi hupita mara mbili. Huo ndio mshono bapa, nao maji hayaupiti kwa urahisi. Uzi wenyewe husuguliwa nta kwanza. Sindano yake ni nene, ina kona tatu, na mpaka leo nina alama zake kwenye kidole gumba.

Alinifundisha pia kwamba kamba ya hema ikilowa hujikaza. Mvua ikianza, mtu wa mahema hulegeza kamba kabla hazijang’oa vigingi. “Wenzako wanakimbilia ndani,” alikuwa akisema, “wewe unatoka nje. Hiyo ndiyo kazi.”

Kituo changu cha kwanza nje ya Kisii kilikuwa Nyansiongo. Mashamba makubwa ya wazungu yalikuwa yakikatwa wapewe wananchi, na wapima ardhi walikaa kwenye mahema miezi mingi wakivuta minyororo yao ya kupimia mahindini. Baridi ya kule ilikuwa kali hata turubai likiamka gumu kama ubao. Nilizunguka na sindano yangu kutoka kambi hadi kambi, na Mkuu wa Wapimaji, mtu mkimya, aliniandikia barua nzuri nilipoondoka. Barua hiyo ndiyo iliyonipeleka Idara ya Elimu. Shule zilikuwa zimeanza kupeleka wanafunzi kupiga kambi, na Afisa wa Elimu alitaka mtu wa kutunza mahema, tena mwanamke, kwa sababu shule za wasichana nazo zilikuwa zikiomba kwenda.

Hivyo ndivyo mimi, mtu wa milimani, nilivyoiona bahari, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Tulikwenda na wasichana arobaini, safari ya basi na gari moshi. Aliyetuongoza alikuwa Mkaguzi wa Shule, mtu mrefu, nadhifu, aliyetembea na fimbo nyembamba. Binti yake Nyaboke alikuwa miongoni mwa wasichana, lakini humo safarini alimwita kwa jina la ukoo kama wengine, asije akaonekana anampendelea. Tulifika kwenye hifadhi ya serikali iliyoko ufuoni. Ndani yake palikuwa na magofu ya ngome iliyojengwa zamani na askari wa kigeni. Mizinga miwili yenye kutu bado ilielekeza midomo baharini. Ukuta mmoja mkubwa wa mawe ya matumbawe ulikuwa umesimama wote, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, na chini yake palikuwa na uwanja mzuri wa nyasi usiopigwa na upepo.

Wasichana walikimbilia majini wakiwa na nguo zao mwilini. Mmoja aliyaonja, akatema, akapiga kelele kwa Kikisii kwamba kuna mtu ametia chumvi. Tulicheka mpaka Mkaguzi naye akacheka.

Kupiga hema kulinishinda siku ile. Kwetu udongo ni mwekundu na mzito. Ukigonga kigingi, kimekaa. Pale kulikuwa na mchanga shibiri moja, chini yake jiwe. Vigingi vinne vilipinda mkononi mwangu. Msimamizi wa hifadhi, mzee wa huko huko pwani mwenye sauti ya taratibu, alikuja akasimama kando.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hapo hupigi chuma, utachosha mkono bure. Jaza gunia mchanga, ulifunge kamba, ulizike. Hilo halitoki hata uje upepo wa kusi.”

Nikafanya hivyo, nalo likashika. Nilimuuliza kwa nini watu hawapigi kambi kule ukutani ambako hakuna upepo.

“Ukuta ule mbovu,” alisema. “Niliuzungushia kamba watu wasisogee, kamba ikachukuliwa. Nimekwisha kupeleka habari mjini mara mbili. Nitakwenda tena.”

Jumamosi, siku ya Sabato, maana wengi wetu tulikuwa Waadventista, wasichana waliomba tukafanyie ibada ngomeni kwa sababu sauti zilivuma vizuri mle ndani. Tuliketi mbali kidogo na ukuta. Walipoimba wimbo wa pili nikaona unga mweupe umeanguka kwenye kitabu changu cha nyimbo. Ulikuwa chokaa. Nilitazama juu nikauona ufa, umeshuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, mpana kiasi cha kuingiza vidole viwili.

Sikugusa kazi siku hiyo. Jua lilipozama nilichukua uzi mwembamba wa pamba na vijiti viwili. Nilikishindilia kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, nikaukaza uzi katikati. Nilitaka kujua tu. Jumapili asubuhi uzi ulikuwa mzima, na Mzee Msimamizi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mjini.

Adhuhuri mvua ikaja, na upepo wa kutoka baharini ambao sijawahi kuuona mfano wake Kisii. Nilitoka kulegeza kamba. Hema la jikoni lilichanika mbele yangu kutoka juu hadi chini, na mawili mengine yakalala. Mkaguzi alitoka na koti lake la mvua.

“Mama Bosibori, ng’oa yote! Tunahamia ndani ya ngome, pale chini ya ukuta. Pale pakavu.”

Nilikwenda mbio hadi ukutani kabla ya wengine. Uzi ulikuwa umekatika.

Wasichana walifika wakiwa wamebeba mahema yaliyolowa, na Mkaguzi nyuma yao. Nilimwonyesha vijiti na vipande vya uzi.

“Bwana Mkaguzi, ukuta unasogea, na Mzee Msimamizi alisema ni mbovu. Huu uzi asubuhi ulikuwa mzima.”

Aliushika, akaubinya, maji yakatoka. “Uzi umelowa,” alisema. “Si wewe mwenyewe uliniambia kwamba kamba ikilowa hujikaza? Umejikaza, umekatika. Huo ndio ushahidi wako?”

Alisema kweli, na maneno yenyewe yalikuwa yangu.

“Inawezekana,” nilisema. “Lakini mimi sipigi hema hapa.”

“Hapo wamesimama watoto arobaini wanatetemeka. Mmoja wao ni wangu. Ukuta huu umesimama tangu enzi za mababu zetu, halafu uanguke leo kwa sababu umeletewa uzi?” Akawageukia wasichana. “Fungueni mahema. Tutapiga wenyewe.”

Kiranja wao, msichana mmoja mrefu aitwaye Kwamboka, alinitazama, akamtazama Mkaguzi, wala asijue afanye nini. Maisha yangu yote nilikuwa sijamkatalia mkubwa wa serikali hata jambo dogo. Gunia la vigingi na nyundo lilikuwa miguuni pangu. Niliinama, nikalitia begani, nikatoka nalo nje kwenye mvua, nikatembea kuelekea uwanja wa wazi.

“Nitaandika barua!” alinipigia kelele.

“Andika, Bwana Mkaguzi,” nilisema, lakini sidhani kama alinisikia.

Kule kwenye nyasi, bila vigingi na nyundo hakuna hema. Nilipogeuka, Kwamboka alikuwa akinifuata, na wengine nyuma yake, mstari mrefu wenye mizigo vichwani. Tulichimba mchanga kwa sufuria na kwa mikono, tukazika magunia. Mahema matano yalishika. Wasichana walibanana humo wanane wanane, na tangu adhuhuri ile hakuna aliyekuwa na nguo kavu.

Kulipokucha jua liliwaka kana kwamba hakukutokea kitu. Ukuta ulikuwa umesimama pale pale. Nyasi za chini yake zilikuwa kavu. Mkaguzi aliuelekezea fimbo, kisha akanitazama mimi.

Nyaboke alianza kukohoa kwenye gari moshi tukirudi. Tulipofika Kisii alikuwa na kichomi, akalazwa hospitali. Nilikwenda kumwona na maziwa kwenye chupa. Mama yake aliipokea chupa na kuiweka mezani bila kunitazama. Msichana alikuwa amekonda, akipumua kama aliyepanda mlima. Alipona, lakini ilichukua miezi, akalirudia darasa.

Barua iliandikwa kweli. Afisa wa Elimu aliniita, akanisomea kosa langu, yaani kumkaidi kiongozi wa safari, akaniuliza kama nina la kusema. Nilisema sina. Nikahamishiwa Kenyenya, kwenye kijistoo nyuma ya ofisi, kazi yangu kushona magunia na mapazia. Nilikaa huko miaka miwili na zaidi. Sikuogopa kazi ile, magunia nayo ni ya kushonwa. Kilichonisumbua ni ule uzi. Nilikuwa nikikata uzi wa pamba, ninaulowesha kwenye beseni, ninaukaza kati ya misumari miwili. Mara nyingine ulikatika, mara nyingine haukukatika.

Mwaka wa tatu, siku ya soko, mtu alisimama mlangoni akaniziba mwanga. Alikuwa Mkaguzi.

“Mama Bosibori. Bwakire,” alinisalimia kwa Kikisii.

“Bwakire buya. Karibu.” Nilimpa kiti. Hakukaa.

“Nimetoka pwani na wavulana,” alisema. “Ule ukuta uko chini.”

Nilisimamisha cherehani. “Umeanguka lini?”

“Mvua za mwaka huu. Mzee Msimamizi anasema ulianguka mchana, hakukuwa na mtu. Mawe yamefunika nyasi zote. Jiwe moja limeufikia mzinga.”

“Kwa hiyo siku ile tungelala salama,” nilisema. “Na Nyaboke asingeugua.”

“Ndiyo. Hilo nimeliwaza njia nzima.” Aliigeuza fimbo yake mkononi. “Lakini kuna jambo ambalo hulijui. Mwaka jana nililaza wavulana pale chini. Sabini. Niliwaonyesha ule ufa, nikawasimulia habari za mwanamke mmoja na uzi wake, wakacheka. Nami nikacheka. Mwaka huu nilipanga kuwalaza pale pale.”

Nje mtu alikuwa akiita bei ya ndizi.

“Mama, mimi siwezi kukuambia kwamba ulikuwa na hakika,” alisema mwishowe. “Hukuwa nayo.”

“Sikuwa nayo.”

“Lakini mimi nilikuwa nayo. Ndilo linalonitisha.” Kisha akakaa, akavua kofia. “Nyaboke amenituma nikusalimie. Mama yake pia.”

Nilimpikia chai. Aliandika barua ya pili, akanisomea kwanza kabla ya kuifunga, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimerudi Kisii kwenye mahema yangu. Nilikwenda pwani mara nyingi baada ya hapo, na Mkaguzi alikuwa kiongozi wa safari mbili kati ya hizo. Hatukuwa marafiki hasa. Ila tulipofika mahali papya aliniuliza mbele ya wote, “Mama, unapaonaje hapa?” na akanyamaza mpaka nimalize kuzunguka.

Nilistaafu miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea mwisho. Sasa naishi Nyansiongo, karibu na shamba la chai la mwanangu, na vijana wanaofanya kazi za ofisi hunitembelea na kuniuliza nilipata wapi ujasiri wa kumkatalia mkubwa. Jibu langu huwa haliwafurahishi. Wanataka niseme kwamba nilijua. Mimi nawaambia kwamba nilikuwa na hofu, nilikuwa na ushahidi mbovu, na mtoto wa watu aliugua kwa sababu yangu. Ukuta haukumuua mtu. Kichomi kingeweza kumuua Nyaboke, nami ningeishi na hilo.

Wengine hukasirika kwa niaba yangu kuhusu ile miaka miwili ya Kenyenya. Nawaambia hapana. Hata kama ukuta ungekuwa umesimama mpaka leo, watalii wakipiga picha chini yake, bado ningelibeba lile gunia la vigingi nikatoka nalo nje. Kazi ya mahema, na nadhani kazi nyingine pia, mara nyingi ndivyo ilivyo: unaulizwa wakati hujui, mvua inanyesha, watoto wanakutazama, na jibu linatakiwa hapo hapo. Ukishalitoa, kaa karibu na yule aliyeumia kwa sababu ya jibu hilo. Mpelekee maziwa, hata kama mama yake hatakutazama.