Mpira Waliomnyima Tonton

Tonton wangu, mdogo wake mama, alicheza mbele katika timu moja tu maisha yake yote, timu ya mtaa wetu hapa Kabondo. Aliingia humo akiwa bado anavaa viatu vya kuazima, akatoka na goti linalolia kila akiinuka kwenye kiti. Mara mbili timu za Kinshasa zilimwita, mara mbili akakataa. Watu walimsifu. Mimi nimeliwaza jambo hilo mpaka nimechoka, na bado sijui kama lilistahili sifa.

Komite ilikubali kumpa mechi ya kuaga. Kwa kuwa nina diploma na sina kazi, niliitwa niandike ripoti ya kikao. Tulikaa katika depo ya rais wa timu, kati ya mabati na mifuko ya saruji. Huyo rais ni mfanyabiashara mwenye heshima, kila Jumapili husoma somo la kwanza kanisani. Habari za jezi zilipokwisha, alishusha sauti.

"Bon. Ile siku, mutu asimupe mupira karibu na goli."

Niliuliza kwa nini.

"Mwenye kufunga siku ya kuaga anaondokaka na magoli ya timu yote. Weye ulisoma, lakini hii hawafundishaka ku université."

Wote walikubali, hata mwalimu wa fizikia. Nilitaka kupinga, nikaanza kupima: nikisema wataniona mjeuri, nikinyamaza nitakuwa mmoja wao, nikitoka nje je? Nilipomaliza kupima, kikao kilikuwa kimeshafungwa kwa sala.

Siku zilizofuata nilikwenda kwa tonton mara mbili kumwambia. Mara zote mbili nilimkuta akipaka viatu vyake rangi nyeusi, nami nikazungumzia umeme uliokatika.

Siku ya mechi alikimbia karibu dakika zote. Winga wa kulia alifika mara nne mwisho wa uwanja, tonton yuko peke yake mbele ya goli, akiita. Mara nne winga akarudisha mpira nyuma. Watazamaji hawakujua kitu, kwa hiyo walimcheka yeye.

"Papa, ita toleka ikurudishe nyumbani," akapiga kelele mmoja.

"Toleka ya nini?" akajibu mama muuza mikate. "Baiskeli itamuacha njiani."

Hakufunga. Rais alimkumbatia mbele ya watu wote, akampa saa ya ukutani.

Nyumbani nilimwambia yote. Nilisema nilikuwepo, tena kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Aliendelea kufungua kamba za viatu.

"Najua," alisema. "Ule mwenye alichezaka mbele kabla ya miye, siku yake ya kuaga, nani alimunyima mupira? Ni miye."

"Ukakubali, tonton?"

"Mwaka wenye ulifuata nilifunga sana. Alors?"

Hasira yangu ilikuwa ya kumtetea, na sasa ilinibidi nimkasirikie yeye pia, kwa ajili ya mzee mmoja nisiyemjua.

Kesho yake rais aliniagiza niandike katika kitabu cha timu kwamba mshambuliaji hakuwa katika hali nzuri. Safari hii sikupima kitu. Niliandika kilichoamuliwa deponi na majina ya waliokubali, kisha nikawasomea wachezaji kwenye mazoezi. Winga aliinamisha kichwa. Rais akaninyang'anya kitabu, akachana ukurasa.

Jioni tonton alikuja kwetu. Mama alimpa kiti, hakukaa.

"Umeaibisha timu," aliniambia.

"Ni wao walikuaibisha wewe."

"Miye ni mutu mumoja. Timu iko ya watu wote. Kesho tutaenda weye na miye, utaomba radhi."

Nilisema siendi. Mama alinisihi, nikasema siendi. Asubuhi tonton alikwenda peke yake mpaka deponi, akawaomba radhi kwa niaba yangu.