Baiskeli ya Pili Iko Kamanga

Kivuko cha mwisho kutoka Kamanga kilikuwa kimeshafika mjini, abiria wametawanyika, na Yahaya hakuwa miongoni mwao. Sihaba alilijua hilo kwa sababu alimpigia simu muuza karanga wa pale getini, mwanamke aliyesoma naye shule ya msingi. Yule akamwambia ameangalia mpaka mbuzi walioshuka, na mumewe hayumo. Simu ya Yahaya yenyewe haikupatikana tangu magharibi.

Alikaa sebuleni kwao Buhongwa, masikio yakiwa barabarani. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimnyanyua kitini.

"Mama, kalale," alisema binti yake Raya, macho kwenye simu. "Baba kaenda kuangalia baiskeli."

"Baiskeli gani inaangaliwa mpaka usiku wa manane?"

"Ya Kifaransa."

"Hata ingekuwa ya Makka."

Raya alicheka, akaenda kulala. Sihaba akabaki na mawazo yake. Asubuhi Yahaya alikuwa ameaga kwamba anavuka ziwa, kuna mama mjane anaitwa Evelina ana baiskeli ya aina anayoitafuta yeye. Mjane. Neno hilo asubuhi lilipita tu kama upepo. Usiku lilikuwa limekaa naye kwenye kochi.

Na wala hakuwa mwanamume wa kushukiwa. Yahaya alikuwa fundi bomba, mtu wa kurudi nyumbani na matope magotini na kulala kabla ya taarifa ya habari kwisha. Hakunywa, hakushabikia timu. Mpaka alipofika miaka hamsini hakuwa na kitu hata kimoja ambacho ungesema hiki ndicho kinachomtoa akili. Kisha siku moja akaitwa Magu kutengeneza pampu ya mashine ya mpunga, na huko akamwona mkulima anasukuma baiskeli yenye magunia mawili. Usukani wake ulikuwa umegeuzwa juu chini, umesimama kama pembe za ng'ombe. Yahaya aliizunguka mara tatu. Akarudi Mwanza, akanunua baiskeli mpya ya Kichina yenye keria, akaipeleka Magu, wakabadilishana. Yule mkulima, alisimulia Yahaya mwenyewe, alicheka hadi akakaa chini.

Majirani nao walicheka. Yahaya alimaliza miezi anasugua rangi ya mafuta iliyopakwa na mikono ya watu wengi, taratibu, kwa kitambaa na mafuta ya taa. Chini ya zile rangi kikatokea kichwa cha simba, kisha vidirisha vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti, kisha jina ambalo kila mtu alilijua kwenye magari tu.

"Kumbe Pijo walitengeneza baiskeli?" Sihaba aliuliza.

"Kabla ya magari, Mama Raya. Zilikuja na mapadri, na walimu, na wale vijana wa kujitolea. Wenyewe wakaondoka, baiskeli zikabaki."

Sihaba hakutaka kuonekana anavutiwa. Lakini mumewe akienda kazini, alikuwa akiingia stoo na kuchungulia. Siku ya kwanza aliinyanyua kwa mkono mmoja, akashtuka, akaiweka chini haraka kana kwamba ameiba. Yeye alizoea baiskeli kuwa kitu cha kubebea: mkaa, ndoo za dagaa, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Hii haikuwa na mahali pa kufunga hata fungu la mchicha. Tairi zilikuwa nyembamba kama kidole gumba, na bomba zake zilikutana ndani ya viungo vilivyochongwa ncha kwa uangalifu, kama kitambaa cha harusi kilivyokatwa na fundi.

"Sasa ilitengenezwa kwa kazi gani?" alimuuliza Yahaya usiku ule.

"Kwa kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda tu."

Jibu lile lilimkera, na halikumtoka kichwani.

Asubuhi, baada ya usiku ule wa kumsubiri, mlango ulipogongwa, Yahaya alikuwa amesimama pale na mfuko wake wa spana begani, macho mekundu. Alikuwa amesubiri kule Kamanga mpaka kivuko kikamwacha, akalala kwenye benchi la wauza samaki, alisema. Simu iliisha chaji. Na baiskeli ipo.

"Umeiona?"

"Sijaiona. Amenifungia mlango."

Sihaba alimtazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kofia. Vumbi tupu, harufu ya samaki, na uso wa mtu aliyefukuzwa. Hofu ikashuka kidogo, udadisi ukapanda. Akamwekea chai, akamkalisha, akaanza kumuuliza kama karani.

Shida yenyewe aliijua. Mwezi uliopita kikombe cha chuma kinachoshika goroli, pale pedeli zinapozungukia, kilianza kulia. Yahaya akampelekea Obedi, fundi baiskeli wa stendi, aliyefungua maelfu ya baiskeli za Kihindi na Kichina. Katika hizo zote kikombe cha upande wa kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kama vile unakaza. Obedi akazungusha hivyo hivyo. Kikagoma. Obedi alitaka kuacha. Aliyesema "ngoja" alikuwa Yahaya, fundi bomba, mtu aliyeishi na nati maisha yake yote. Akachomeka bomba la inchi moja kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, wakavuta wote wawili, na kikombe kikapasuka. Baadaye ndipo walipotambua kwamba Mfaransa alikata njia zake za skrubu upande mwingine. Muda wote walikuwa wanakaza.

Yahaya hakula siku ile. Alitafuta kikombe kama hicho mjini kote, hakuna. Wala hakuna mtu aliyejua kukichonga. Ndipo mfanyakazi mmoja wa kivuko alipomwambia habari za marehemu Mwalimu Shigela wa Kamanga na Pijo yake aliyomwachia mjane. Asipokipata huko, alisema Yahaya, baiskeli ya simba itakuwa pambo la ukutani maisha yake yote.

"Ulipofika ulisema nini?" Sihaba aliuliza.

"Nilisalimia. Nikasema nimesikia kuna baiskeli."

"Mfuko ulikuwa wapi?"

"Begani."

"Mumewe alifariki lini?"

Yahaya aliinua kikombe cha chai, akakishusha. "Sikuuliza."

"Ya Rabi! Umeingia nyumba ya mfiwa na spana, kama mtu anayekuja kuchinja ng'ombe wa marehemu. Hata pole hukutoa. Mimi ningekufungia na geti."

"Alisema nirudi na mke wangu, kama ninaye."

"Alisema 'kama unaye'?"

"Ndivyo alivyosema."

Sihaba akaenda kutafuta khanga iliyotulia.

Walivuka Jumamosi. Spana zilibaki nyumbani, kwa amri. Sihaba alibeba mchele kilo tano na sukari. Njia nzima alimwelekeza mumewe: usitazame milango, usiseme neno baiskeli mpaka mwenyewe aliseme. "Na kama hasemi?" "Tutarudi tumehani. Hiyo nayo ni safari."

Mama Evelina alikuwa mwanamke mrefu, zaidi ya miaka sabini, amevaa sweta katika jua lile. Alikuwa anachambua maharage barazani.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba." Akamtazama Sihaba kwa muda. "Kumbe unaye."

"Ninaye, mama," alisema Yahaya, ameinama.

"Tumekuja kukupa pole ya mzee," Sihaba alisema. "Tumechelewa, utusamehe. Huyu alikuja kabla yangu, akaja vibaya."

"Alikuja kama fundi wa friji," alisema Mama Evelina. "Nikasema, huyu ananunua au anakamata mali?"

Sihaba akaangua kicheko kabla hajajizuia. Akavuta ungo, akaanza naye kuchambua maharage, akauliza habari za marehemu. Haikuwa hila tena; alitaka kweli kujua. Mtu huyu alikuwa wa namna gani, aliyekuwa na kitu kama kile miaka yote upande huu wa ziwa?

Mwalimu Shigela alifundisha hesabu. Baiskeli aliachiwa na mwalimu Mfaransa aliyerudi kwao na homa. Kila Jumapili baada ya ibada aliipanda mpaka Sengerema na kurudi, bila kupeleka kitu, bila kuleta kitu.

"Nilidhani ana mwanamke huko," alisema Mama Evelina. "Mwaka mzima. Siku moja nikapanda gari la mizigo nikamfuata. Nikamkuta amekaa chini ya kilima, anaipangusa kwa leso. Peke yake."

Sihaba aliacha mikono juu ya maharage. Hakumtazama Yahaya, na Yahaya alitazama vidole vyake.

"Alikuwa anakwenda tu," Sihaba alisema polepole.

"Eh! Ndivyo alivyoniambia. Nikamtukana." Mama Evelina akamgeukia Yahaya. "Wewe yako ina nini?"

Yahaya alimtazama mkewe kwanza. Kisha akaeleza yote, Obedi, bomba la inchi moja, kupasuka. Hakuficha kitu. Alipofika pale walipokuwa wanakaza wakidhani wanafungua, yule mama alifunika mdomo kwa sweta, mabega yakatikisika.

"Sitaki ya marehemu ivunjwe kipande kipande," alisema alipotulia.

"Basi tusiivunje," alijibu Yahaya. Sihaba aliona neno hilo lilivyomgharimu. "Nipime hicho kikombe tu, mama, nikichore kwenye karatasi. Nitatafuta mtu wa kukichonga. Na kama yako ina kutu, niisafishe. Nikimaliza naondoka."

Mama Evelina aliinuka, akaambaa na ukuta hadi mlango wa chumba cha pembeni, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Kufuli lilikataa. Yahaya alinyanyuka nusu. Sihaba akamkamata shati, akamrudisha. Yule mama alitikisa, akatulia, akatikisa tena, mpaka likaachia. Akausukuma mlango kwa bega, akaingia bila kuwatazama, na akauacha wazi.

"Tuingie?" Yahaya alinong'ona.

"Subiri akuite."

Ndani walisikia kitu kinasogezwa, kisha sauti ya leso ikipangusa chuma.

"Nyinyi!" Mama Evelina aliita. "Au mnataka niibebe mgongoni niwaletee?"