Njia Aliyoichagua Salha

Nikiingia duka la viatu na kusikia harufu ya raba mpya, hurudi moja kwa moja kwenye chumba cha ghorofa ya nne, mtaa wa Qusais, Dubai, nilikolala kitanda kimoja na dada yangu Salha. Viatu vyake vya kupandia mlima vilikaa kando ya mto, ndani ya boksi lao, wiki sita kabla havijagusa ardhi. Salha alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa, na kwa kimo tulilingana, kwa sababu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoitesa mifupa na kumrudisha mtoto nyuma kila anapojaribu kukua. Shule yake ilikuwa nusu darasani, nusu kitandani. Alichokijua zaidi katika mji ule ni kile kilichoonekana dirishani kwetu: maegesho ya magari, paa la msikiti, na mabasi ya makampuni yakiwarudisha vibarua kwenye kambi zao za Muhaisnah, wamesinzia, vichwa vimeegemea vioo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Baba alifanya kazi ghalani Jebel Ali, mama alipika kwenye nyumba ya familia moja Mirdif. Wote wawili walitoka Unguja, na miezi ya Oktoba na Novemba mama aliendelea kuiita vuli, ingawa halikudondoka hata tone. Dubai msimu ule huujui kwa mvua wala kwa majani. Unaujua siku mtu anapozima kiyoyozi na kufungua dirisha, na ghafla unasikia sauti za majirani ambao kiangazi kizima ulisahau kuwa wapo. Siku dirisha letu lilipofunguliwa mwaka ule, Salha alivuta pumzi, akasema, "Baba, safari hii na mimi nataka kupanda mlima. Si kuutazama garini. Kuupanda." Wenzake darasani walikuwa wakienda Hatta, kwenye milima iliyopakana na Omani, kila joto linapopungua, na kurudi na hadithi.

"Mtoto huyu anataka maji na mapumziko," mama alisema. "Mawe ya nini?"

Baba hakubishana naye. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, alinitia kwenye gari letu kuukuu tukaenda Hatta, mimi na yeye, kutafuta njia. Tulikwenda Ijumaa tatu, tukapita njia tatu. Ya kwanza ilizunguka bwawa, tambarare kama sakafu. Ya pili ilifuata bonde la mawe meupe lenye vidimbwi vya maji na migunga miwili mitatu. Ya tatu ilipanda mgongo wa kilima mpaka kwenye mnara wa zamani wa mawe. Baba alibeba daftari la shule. Aliandika dakika tulizotembea, penye kivuli, penye jiwe mtu anaweza kukalia, na mahali simu ilipopoteza mtandao. Tukirudi, Salha alinikalisha kitandani na kunihoji. Hakuuliza mlima una ukali gani. Aliuliza, "Ukifika, unaona nini?" Nilipomweleza ya mnarani, kwamba unaona nyumba zote na bwawa lote, na milima nyuma ya milima, alifunga daftari la baba. "Hiyo," akasema.

Mama alikubali kwa sharti moja: baba aweze kumbeba Salha kutoka juu hadi garini bila kupumzika. Basi baba akaanza kufanya mazoezi. Kila jioni akitoka kazini, kabla hajavua sare, alinipandisha mgongoni na begi lenye kilo tatu za mchele, ili nifikie uzito wa Salha, tukapanda na kushuka ngazi za ghorofa zote nne. Mlinzi wa jengo, Mganda aliyeitwa Wasswa, alitoka nje ya kibanda chake akicheka.

"Mzee, lifti ni nzima. Mbona unateseka?"

"Naujaribu mgongo, Wasswa."

Wasswa alipojua sababu hakucheka tena. Alishika mlango wa ngazi na kuhesabu mizunguko. Wiki ya tatu baba alimpima Salha uzito tena, akapunguza mchele. Wiki ya tano mchele ulibaki nyumbani, akanibeba mimi peke yangu. Nilifurahi kwamba kazi yake imekuwa nyepesi. Sikuelewa kwa nini mama alisimama jikoni kwa muda mrefu, mkono ndani ya ndoo ya mchele, asitoe kitu.

Ijumaa yenyewe ilipofika, madam wa mama kule Mirdif alikuwa na wageni na hakumpa ruhusa. Alitufungia mikate ya kumimina na tende, akajaza uji wa tangawizi kwenye chupa ya chai, akatia dawa za Salha mfukoni mwa begi na sweta mbili, kwa kuwa baridi nayo ilikuwa adui yake. Kisha akanishika mashavu. "Leo wewe ndiye macho yangu. Ukimwona anabadilika, mwambie baba yako papo hapo. Umenisikia?" Nikasema nimemsikia.

Tulianza kupanda jua lilipokwisha kupasha mawe. Milima ile haina msitu. Ni miamba mitupu ya rangi ya kutu, na kwa mbali inageuka zambarau. Salha alitembea kwa viatu vyake vipya, mkono mmoja kwa baba, akisimama kutazama kila kitu: kinyesi cha mbuzi, jani la mgunga, mstari mweupe ndani ya jiwe. Kwenye pumziko la pili, penye jiwe bapa, baba alitangulia kidogo kuangalia njia. Hapo nikamwona Salha anaubana ubavu kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Panauma?"

"Kidogo tu."

"Nimwite baba?"

Alinikamata mkono kwa nguvu nisiyoijua kwake. "Ukimwita tutarudi. Na nikirudi leo, Wallahi mama haniachii tena. Niache nifike. Usiseme."

Mnara ulikuwa karibu, mwendo kama wa kutoka kwetu hadi dukani. Baba aligeuka akatuuliza kama tuko tayari. Sikusema.

Alifika kwa miguu yake. Alisimama ukutani mwa mnara, upepo ukimpeperusha mtandio, chini yetu maji ya kijani ya bwawa, mitende, mapaa meupe, na wanaume wanakwenda msikitini wadogo kama punje. Salha akacheka kwa sauti. "Kumbe wote tuko hivi tukitazamwa kutoka juu!" Hakutaka kukaa wala kunywa uji. Akatazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akaanguka mikononi mwa baba.

Baba alimbeba mpaka garini bila kupumzika hata mara moja. Nilikimbia nyuma yao na begi, nikimsikia Salha anahesabu pumzi zake. Hospitalini maumivu yalihamia kifuani. Siku ya nne, wakati wa alasiri, alifariki. Tulimzika kulekule Dubai.

Baada ya matanga mama alimwuliza baba, "Alianza kuumwa wapi?"

"Juu. Tulipokwisha kufika."

Mama akanigeukia mimi. "Ndivyo?"

"Ndivyo, mama," nikasema.

Wazazi wangu wamesharudi Unguja. Mwaka juzi, tumekaa barazani, nilimweleza baba habari ya jiwe bapa. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi na mitano kuitoa. Hakushtuka.

"Nilijua," alisema. "Niligeuka nikaiona midomo yake, na mkono wake umekushika. Nikajiambia ni dakika kumi tu, na mgongo wangu uko tayari." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilidhani wewe hukujua kwamba anaumwa. Nikashukuru kwamba ni dhambi yangu peke yangu."

Mimi bado naishi Dubai. Siku hizi njia za Hatta zina vibao na alama za rangi, na mtu huchagua mlima wake kwenye simu kabla chai haijapoa. Binti yangu ni mzima wa afya, anakimbia juu ya mawe yale, nami nabaki chini kwenye maegesho na kusingizia goti. Kila vuli mama hunipigia. Huuliza joto, huuliza wajukuu, kisha hushusha sauti na kuuliza kama Salha alifurahi kule juu. Namwambia alifurahi, alicheka. Naye hunishukuru.